Pori Lina Wenyewe

Msafiri atokaye Singida na gari lake na hema lake, akavuka mto Sibiti hadi Mwanhuzi wilayani Meatu, hudhani ameyaacha makazi ya watu nyuma. Mbele yake kuna Makao, kisha Pori la Akiba la Maswa, kisha Serengeti, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1951.

Twamkaribisha. Lakini pori hilo lina wenyewe. Vijiji vya Meatu vimetenga ardhi yao kuwa hifadhi ya jumuiya ya Makao. Tembo hawajui mpaka. Waingiapo katika mtama, mkulima hukesha akipiga madebe.

Mwaka 1961, mjini Arusha, Mwalimu Nyerere alitangaza kuwa wanyama hawa ni amana. Amana ina gharama, na mlipaji wa kwanza ni mkulima huyo. Kwa hiyo ada ya usiku mmoja wa hema sharti ionekane darasani, kisimani na zahanati.

Ndugu mfanyakazi wa langoni, toa stakabadhi. Ndugu mwanachama, hudhuria mkutano wa kijiji, uulize hesabu. Asiyeuliza hesabu ya mali yake huwalindia wengine.