MAFUTA BAHARINI NA HOFU YA KUFUKUZWA KAZI



Huenda mmoja wenu akauliza: karatasi ya chama ina haja gani na mafuta yaliyomwagika katika Ghuba ya Meksiko, mbali kabisa na Mombasa, tena mwaka 2010? Tuna madai ya mishahara mezani, na tuna wenzetu waliopunguzwa kazini. Twajibu kwamba habari ile ni ya wafanyi kazi tangu mwanzo hadi mwisho wake, ijapokuwa magazeti ya dunia yaliiandika zaidi kama habari ya ndege na samaki.

Usiku wa tarehe 20 Aprili 2010, muda mfupi kabla ya saa nne, mtambo wa kuchimba mafuta uitwao Deepwater Horizon ulilipuka baharini, yapata maili 40 kutoka pwani ya Louisiana, Marekani. Walikuwamo watu 126. Kumi na mmoja walikufa, na maiti zao hazikupatikana. Mtambo uliwaka siku mbili, ukazama. Mdomo wa kisima ulikuwa futi 5,000 chini ya maji, mahali ambapo hapana mzamiaji awezaye kufika, na ule mtambo mkubwa wa chuma uliowekwa pale ili kukifunga kisima wakati wa hatari haukukifunga. Mafuta yakatoka siku 87. Mahakama ilihesabu mapipa milioni 3.19 yaliyoingia baharini. Wataalamu wa serikali walihesabu zaidi ya hayo.

Sasa tutazame kazi yenyewe ilivyokuwa. Ilikuwa imechelewa kwa wiki kadhaa, na kila siku ya kuchelewa iligharimu karibu dola milioni moja. Mafundi waliletwa kupima kama simiti iliyotiwa kisimani imeshika sawasawa. Siku ile ile ya ajali wakarudishwa nyumbani bila kupima, kwa kuwa wakubwa waliona kazi imekwenda vizuri. Kipimo hicho kingeligharimu dola 128,000 na saa chache tu. Baadaye kikafanywa kipimo kingine cha kujua kama gesi inasukuma kutoka chini. Saa ya kipimo ilionyesha wazi kwamba kuna kitu kinasukuma. Watu wakajadiliana, wakapata maelezo ya kutuliza mioyo yao, kazi ikaendelea.

King'ora kikuu cha hatari nacho hakikulia chenyewe, kwa kuwa kilikuwa kimezuiwa. Fundi mmoja aliyeokoka alieleza mbele ya wachunguzi kwamba wakubwa hawakutaka watu waamshwe saa tisa ya usiku kwa kelele za bure.

Na mchana wa siku hiyo hiyo wakubwa walikuwa wamefika kwa helikopta kuwapongeza wafanyi kazi wa mtambo huo kwa kutimiza miaka saba bila ajali ya kumfanya mtu akose kazini. Twawaomba wanachama walifikiri jambo hili. Hesabu nzuri ya ajali yaweza kupatikana kwa njia mbili: kwa kuziondoa hatari, au kwa kuwafanya watu waogope kuzitaja. Mwezi mmoja tu kabla ya mlipuko, wafanyi kazi wa mtambo huo walikuwa wameulizwa maoni yao juu ya usalama kwa amri ya kampuni yenyewe, na baadhi yao walijibu kwamba wanaogopa kuadhibiwa wakiripoti makosa. Hofu yao iliandikwa vizuri katika karatasi, nayo karatasi ikawekwa.

Kuna jambo jingine ambalo kila kibarua wa Kenya atalifahamu upesi. Kisima kilikuwa cha BP na washirika wake. Mtambo ulikuwa wa Transocean. Simiti ilitiwa na Halliburton. Katika wale 11 waliokufa hakuna hata mmoja aliyekuwa mwajiriwa wa BP. Wote walikuwa watu wa makampuni yaliyopewa kazi. Ajali ilipotokea kila kampuni ilimnyoshea mwenzake kidole. Sisi tunaijua desturi hii. Mtu anaajiriwa na wakala, anavaa ovaroli ya kampuni ya pili, anaamrishwa na msimamizi wa kampuni ya tatu, na siku akiumia hapana hata mmoja amjuaye.

Nani aliyelipa? Ni kweli kwamba mwaka 2012 BP ilikiri makosa ya jinai juu ya vifo vile, na imelipa mabilioni ya dola. Lakini hakuna mtu aliyefungwa gerezani kwa vifo hivyo. Wavuvi walifungiwa zaidi ya theluthi moja ya maji ya serikali ya Marekani katika ghuba ile, na wengi wao wakawa vibarua wa kukusanya mafuta kwa mashua zao wenyewe, katika maji yale yale walimokuwa wakivua kamba. Nayo Transocean, katika taarifa yake ya mwaka 2011, ilisema kwamba 2010 ulikuwa mwaka wake bora kwa usalama, ikawapa wakubwa wake bahashishi. Kelele zilipozidi, wakubwa kadhaa walitoa fedha zao za usalama kwa mfuko wa jamaa za marehemu. Hatuna la kuongeza hapo.

Tukirudi kwetu, mwaka 1988 tangi la mafuta lilitoboka Mombasa, na tani 5,000 hivi za mafuta mazito zikaingia katika hori ya Makupa zikaua mikoko. Mwaka 2005 meli ya mafuta ilivujisha mafuta Kipevu, yakafika tena mikokoni. Mkoko ukifa hauoti upya kama majani ya ng'ombe, na pale ulipokuwa ndipo kaa na samaki wadogo walipokuwa wakikulia. Zaidi ya hayo, mwaka 2012 na mwaka 2014 makampuni ya kigeni yalichimba visima katika bahari kuu mbele ya pwani yetu, yakakuta gesi na mafuta, ingawa hayakutolewa. Waliokwisha kutafuta waweza kurudi tena.

Wala tusijifanye kwamba sisi tumo nje ya jambo hili. Bei ya mafuta hutangazwa kila tarehe 14 ya mwezi, na kabla ya juma kwisha tumeiona katika nauli ya matatu, katika unga, katika mafuta ya taa. Bei ikipanda sisi ndio wa kwanza kupiga kelele, nasi tuna haki, kwa sababu mshahara haupandi nayo. Lakini kelele hiyo hiyo ndiyo inayomfanya mwenye kisima aseme kwamba dunia inangoja, fanyeni upesi. Chama hakiwezi kuwaambia wanachama waende kwa miguu kutoka Kayole hadi Industrial Area. Twaweza kudai treni na mabasi ya wengi, na mashine za umeme mahali zinapofaa. Na hayo tutayadai, bali yatachukua miaka. Katika miaka hiyo mafuta yataendelea kupita katika mikono ya watu, na mikono hiyo ni yetu: bandarini, kwenye bomba, kwenye matangi, kwenye malori, kwenye vituo vya petroli.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yasema kwamba mahali penye wafanyi kazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Yasema pia kwamba mtu asifukuzwe wala kuonewa kwa sababu tu amelalamika juu ya hatari, na kwamba asirudishwe penye hatari kubwa kabla haijaondolewa. Wengi wetu hatujapata kuiona sheria hii, na vibarua wa mawakala ndio hawajui kabisa. Wao pia wahesabiwe, wao pia wawe na mjumbe katika kamati.

Makatibu wa matawi yote yanayoshughulika na mafuta wanaombwa kuleta majina ya wajumbe wa kamati zao za usalama kabla ya mkutano ujao, pamoja na tarehe ya mwisho kamati ilipokutana. Tawi lisilo na kamati liandike hivyo, na liandike pia nani aliyekataa iundwe.