Gari la Kazi Lisifanywe Pambo

Kila chombo kilifanywa kwa haja fulani, na heshima yake hupimwa kwa haja hiyo. Jembe husifiwa kwa kulima, ngalawa kwa kuvuka maji, na gari la mizigo kwa kubeba mizigo. Neno hili ni jepesi hata laonekana halihitaji kusemwa. Walakini huko Marekani wako watu wengi, wenye fedha na mapenzi mema, ambao wamelisahau. Watu hao hununua magari ya mizigo ya zamani, yale yaitwayo pikapu, huyafungua kipande kwa kipande, huyapaka rangi ing'aayo kama kioo, kisha huyafungia bandani. Kazi hiyo huiita kufufua. Nia ya insha hii ni kulipinga jina hilo. Kitu kilichofufuliwa hutembea. Kilichooshwa, kikapambwa na kufungiwa kimezikwa kwa heshima.

Kwanza tuyajue magari yenyewe. Pikapu ni gari lenye chumba kidogo cha dereva mbele na sanduku lililo wazi nyuma. Hapo kale mkulima wa Marekani aliyetaka gari la namna hiyo alinunua gari la abiria, kisha akaondoa sehemu ya nyuma na kuweka sanduku la mbao mahali pake. Mwaka 1925 kampuni ya Ford ilianza kuuza Model T iliyotoka kiwandani ikiwa na sanduku la chuma nyuma, kwa bei ya dola 281. Walioinunua hawakutafuta fahari. Walitaka kupeleka maziwa na mayai sokoni, na kurudi na mbegu, misumari na nyaya za ua.

Miaka ya 1930 ilikuja na ukame na umaskini, na magari ya mizigo yakawa tegemeo la jamaa nyingi zilizohama makwao. John Steinbeck, katika riwaya yake The Grapes of Wrath iliyotoka mwaka 1939, amewaonyesha Wajoad wakitoka Oklahoma kwenda California katika gari la Hudson lililokatwa nyuma likafanywa lori. Kisha vilikuja vita. Mwezi wa Februari mwaka 1942 viwanda vya Marekani viliacha kutengeneza magari ya raia, na mkulima aliyekuwa na gari alilazimika kulitunza hilo hilo. Amani iliporudi, kiu ya magari mapya ilikuwa kubwa. Dodge ilitoa Power Wagon mwaka 1946, kwa mfano wa malori yake ya jeshi. Chevrolet ilitoa namna yake mpya mwaka 1947, ambayo iliendelea hadi 1955. Na Ford ilitoa F-1 mwaka 1948. Haya yenye madigadi ya mviringo na boneti pana ndiyo yanayopendwa sana leo.

Sasa tazama yanayoyapata. Mtu wa mjini, ambaye pengine babu yake alikuwa mkulima, hukuta pikapu ya mwaka 1950 nyuma ya ghala la shamba. Sanduku lake limekwaruzwa na mawe. Mbao za sakafu yake ni nyeusi kwa mafuta na jasho la kazi. Na mlangoni liko jina la shamba au la duka, lililoandikwa kwa brashi na kufifia kwa jua. Huinunua kwa furaha. Muda si mrefu rangi yote imekwanguliwa hadi chuma kitupu, na lile jina la mlangoni limekwenda na vumbi. Sakafu ya sanduku, ambayo Chevrolet iliifanya kwa mbao na kuweka kati yake vipande virefu vya chuma ili mizigo iteleze bila kuchimba mbao, huwekewa mbao teule zilizopakwa vanishi tabaka juu ya tabaka. Kazi ikiisha, mwenyewe hakubali hata mfuko mmoja wa saruji uwekwe juu yake. Amefanya sakafu ya mizigo isiyoweza kupokea mzigo! Kuna upotevu gani ulio mkubwa kuliko kukitengeneza chombo mpaka kisitumike?

Nitajibiwa kwamba kutu si historia, na kwamba nasifu uchafu. La, hasha. Msomaji na atofautishe kovu na kidonda. Mkwaruzo wa mawe sandukuni, rangi iliyochujuka juani na bonyeo la mlangoni ni makovu. Ni alama za mambo yaliyokwisha, wala hayalidhuru gari wala mtu. Kutu katika pembe za chini za chumba cha dereva, katika vikanyagio vya ubavuni na chini ya madigadi ni kidonda. Hula mchana na usiku, hasa katika majimbo ya kaskazini ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili barafu iyeyuke. Ikifika katika fremu ibebayo gari zima, huleta hatari ya maisha. Kidonda sharti kitibiwe. Bati lililooza likatwe, jipya lichomelewe, na fremu ipigwe rangi ya kuzuia kutu. Lakini kovu liachwe, kwa maana rangi ya kwanza ya kiwandani na jina lililoandikwa na mkono wa mtu wa zamani havipatikani mara ya pili kwa fedha yoyote. Gari likiisha kukwanguliwa hufanana na mengine yote yaliyokwanguliwa, na hakuna awezaye tena kusema lilikuwa la nani wala lilifanya kazi gani.

Breki ni mfano mzuri wa tofauti hiyo. Magari haya yalitoka kiwandani na njia moja tu ya mafuta ya breki. Mpira mmoja ukipasuka, magurudumu yote manne hukosa breki kwa pamoja, na dereva husalia na breki ya mkono. Silinda ya breki yenye njia mbili, ambayo huacha magurudumu mawili yakiwa na breki hata mengine yakikosa, ilienea katika magari ya Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960. Mtu akiweka silinda hiyo katika pikapu ya mwaka 1950, simlaumu. Akifunga mikanda ya usalama, ambayo magari hayo hayakuwa nayo, nampongeza. Akijihadhari na vumbi la breki kuukuu, ambalo mara nyingi huwa na asbesto iletayo saratani, akalifuta kwa maji badala ya kulipuliza, ana busara. Kuhifadhi mambo ya kale hakumpi mtu ruhusa ya kumgonga mpita njia.

Walakini wako wajifichao nyuma ya neno usalama ili wafanye jambo lingine kabisa. Hukinyanyua chumba cha dereva, hutupa fremu, injini, gia na ekseli, kisha hukiweka chumba hicho juu ya mitambo ya gari la juzi. Kilichobaki ni ganda. Sababu waitoayo ni kwamba injini ya zamani ni dhaifu. Hebu tuipime sababu hiyo. Injini ya Chevrolet ya mwaka 1950, yenye ujazo wa inchi 216, ina silinda sita na nguvu za farasi zipatazo 90. Beringi za konrodi zake hazisukumiwi mafuta na pampu kama katika injini za leo. Vijiko vidogo vilivyo chini ya konrodi huchota mafuta kila krenki inapozunguka. Tena shafti ya kwendea nyuma huzunguka zaidi ya mara nne ili gurudumu lizunguke mara moja. Mpango huu ni mwema sana kwa gari linalopanda kilima na shehena ya nyasi kwa mwendo wa kilomita 60 au 70 kwa saa. Likilazimishwa kwenda kilomita 110 mchana kutwa, beringi zake hufa. Je, hapo mwenye kosa ni injini au dereva? Mtu ampandaye punda akamdai mwendo wa farasi asimseme punda kwa uvivu.

Hali kadhalika husikika malalamiko juu ya umeme wa volti 6 uliotumika katika magari hayo. Husemwa kwamba stata huzunguka kwa unyonge, basi umeme wote ung'olewe. Mwanafunzi aliyesoma fizikia atajua penye ila. Volti zikiwa nusu, mkondo wa umeme sharti uwe maradufu ili kazi iwe ile ile, na mkondo mkubwa hutaka waya mnene na maungio safi. Watu hununua waya mwembamba uliokusudiwa magari ya volti 12, huufunga juu ya kutu na rangi, kisha hulaumu wahandisi waliokwisha kufa. Waya mnene na dakika chache za kusugua maungio zingewatosha.

Mpinzani wangu mwenye nguvu zaidi ni yule asemaye: gari ni langu, nimelinunua kwa fedha yangu, nami nitalifanya nipendavyo. Kwa sheria, amesema kweli, wala siombi serikali imfunge. Lakini haki ya kufanya jambo si ushahidi kwamba jambo lenyewe ni jema. Mtu akirithi barua za babu yake ana haki ya kuzichoma, nasi tuna haki ya kumwambia kwamba amefanya upumbavu. Magari haya ni barua za watu ambao aghalabu hawakuandika barua. Wakulima, maseremala na wachuuzi hawakujengewa sanamu viwanjani. Mengi ya maisha yao yameandikwa katika vyombo walivyovitumia, na mwenye kuvikwangua amekwangua habari zao.

Mwingine atasema kwamba makampuni yenyewe yaliyapamba magari hayo. Ni kweli kwamba mwaka 1955 Chevrolet ilitoa pikapu iitwayo Cameo Carrier, yenye ubavu laini wa fiberglasi na rangi nyeupe na nyekundu, kwa ajili ya watu waliotaka umaridadi. Lakini zilitengenezwa chache zikilinganishwa na ndugu zake za kazi. Mwenye Cameo na aihifadhi kwa umaridadi wake, kwa sababu hiyo ndiyo haja iliyofanyiwa. Simwelewi yule aliye na gari la mkulima akalivika nguo ya arusi.

Pamoja na hayo, pambo huua elimu. Pikapu itumikayo humfundisha mwenyewe. Hujifunza kupaka grisi katika viungo vya usukani na springi, kupima nafasi za vali, kusafisha kabureta, na kubadili mafuta mara kwa mara, maana chujio la mafuta katika Chevrolet za wakati huo lilikuwa kitu cha kununuliwa kwa nyongeza. Karibu kila kitu hufunguliwa kwa spana na bisibisi, na kijana mwenye akili anaweza kusimama kando ya injini akaona kila sehemu na kazi yake. Elimu hiyo hudumu kwa kutumiwa. Wenye Chevrolet na Ford hupata vipuri vipya hata leo, kwa kuwa wapenzi wao ni wengi. Lakini Studebaker ilifunga kiwanda chake cha South Bend mwaka 1963, na International Harvester iliacha kutengeneza pikapu mwaka 1975. Wenye magari ya makampuni hayo aghalabu hutafuta vipuri katika magari yaliyokufa, au humwendea fundi achonge kipya. Fundi huyo atatoka wapi, ikiwa magari yenyewe hayafanyi kazi wala hayaharibiki?

Basi mwenye pikapu kuukuu afanye nini? Aanze na yaletayo hatari: breki, usukani, magurudumu, fremu, na tangi la petroli, ambalo katika Chevrolet za tangu mwaka 1949 limo ndani ya chumba cha dereva nyuma ya kiti. Kisha aiponye injini ile ile. Azuie kutu popote ilipo. Rangi iliyosalia aioshe, asiikwangue. Halafu aipe gari kazi ya kadiri ya umri wake, kama kuni, majani ya ng'ombe au samani za jirani anayehama. Mzee hapewi mzigo wa kijana, lakini pia hafungiwi chumbani asionekane na wageni.

Msomaji wa Kenya asidhani kwamba maneno haya yanahusu Wamarekani peke yao. Hapa kwetu pia pikapu za Peugeot 404 zilibeba watu na mazao kwa miaka mingi, na mafundi wa jua kali waliziweka barabarani kwa ustadi usioandikwa vitabuni. Ziko pia cherehani za bibi zetu, baiskeli za baba zetu na mashine za kusaga za vijijini. Vitu hivyo vina maadui wawili. Adui wa kwanza husema ni takataka, akaviuza kwa uzito wa chuma. Adui wa pili husema ni vito, akavifungia kabatini. Wa kwanza hujulikana na kila mtu. Wa pili hupigiwa makofi, na kwa sababu hiyo ndiye wa kuogopwa zaidi. Ukijaliwa kupata chombo cha kazi kutoka kwa waliokutangulia, kiponye, kitunze, kisha ukipe kazi.