Darasa la Saba si kambi ya vita

Kila ifikapo Januari, mtoto anayeingia Darasa la Saba katika shule nyingi za Tanzania Bara hukuta mambo yake yamekwisha kuamuliwa. Vipindi vya michezo vimefutwa. Bustani ya shule imeachiwa Darasa la Tano. Jumamosi ni siku ya masomo, likizo ya Juni nayo ni ya masomo, na mtihani unapokaribia mzazi huitwa mkutanoni akaelezwa kwamba watahiniwa wataingia kambini, hivyo alete godoro, debe la mahindi, maharage na fedha ya mpishi. Watoto wa miaka kumi na mitatu hulala sakafuni katika madarasa waliyoyafagia wenyewe. Alfajiri huamshwa kufanya mtihani wa majaribio, na jioni hufanya mwingine. Jambo hili limezoeleka kiasi kwamba mwalimu mkuu asiyeweka kambi huonekana mvivu.

Haina budi kuulizwa kambi hiyo inapigana na nani.

Zamani hofu ya Darasa la Saba ilikuwa na sababu. Nafasi za Kidato cha Kwanza zilikuwa haba mno, na Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilipoamua kwamba watoto wote waingie shule ya msingi, mlango wa sekondari ulibaki mwembamba vile vile. Mtoto aliyechaguliwa alijulikana kijiji kizima. Mwalimu Nyerere aliliona jambo hilo mapema. Katika Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, alisisitiza kwamba elimu ya msingi iwe kamili yenyewe, isiwe maandalizi ya sekondari tu, kwa kuwa watoto walio wengi wangeishia hapo. Akataka pia mitihani ipunguziwe ile heshima iliyokuwa ikipewa na Serikali na wananchi. Maneno hayo hukaririwa kila mwaka katika hotuba. Yanayotendwa ni kinyume chake.

Leo mlango si ule tena. Shule za sekondari za kata zimejengwa, na tangu Januari 2016 ada ya shule za Serikali imefutwa hadi Kidato cha Nne. Baraza la Mitihani hutahini watoto zaidi ya milioni moja kwa mwaka, na katika miaka ya karibuni wanaofaulu wamekuwa wakipangiwa shule wote. Lililokuwa tundu la sindano limekuwa lango, lakini watu bado wanapita kiubavu.

Sababu ni kwamba kambi haimtumikii mtoto. Inatumikia taarifa. Mkuu wa shule anataka wastani upande, mratibu wa kata anataka kata yake iipite kata jirani, na ofisi ya wilaya inataka nafasi nzuri mkoani. Mwanzoni mwa 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora na kumi za mwisho, uamuzi wa busara. Lakini kasumba ya kupanga watu foleni haikufa. Ilihamia katika kumbi za mikutano ya tathmini, ambako mwalimu mkuu wa shule ya mwisho husimamishwa mbele ya wenzake ajieleze. Ziko hata wilaya ambako shule iliyoshika mkia imewahi kukabidhiwa kinyago. Mtu mzima aliyeaibishwa namna hiyo hurudi shuleni kwake na kuwashukia watoto, na mtumishi aliyeitisha mkutano ule huandika kwamba usimamizi umeimarishwa.

Pembeni ya kambi limezuka soko. Wako walimu, si wengi lakini wanatosha kuwachafua wenzao, wanaofundisha nusu ya mada asubuhi na kuiuza nusu ya pili jioni kwa jina la twisheni. Mtoto wa mkulima asiye na fedha hubaki na nusu yake. Huo ni unyonyaji, na haubadiliki kwa kuwa unafanywa na mtu mwenye chaki mkononi. Kusema hivyo si kumsahau mwalimu mwenye watoto mia darasani, ambaye hulaumiwa kwa yote na kusikilizwa kwa machache. Yeye naye yuko kambini.

Na kambini hufundishwa nini? Mtihani una masomo sita, hufanywa kwa siku mbili, na maswali yake yaliyo mengi humtaka mtahiniwa achague herufi ya jibu. Basi miezi tisa hutumika kumzoesha mtoto kuchagua herufi. Hasomi kitabu kizima, haandiki insha, hapimi shamba la shule kwa kamba. Mwaka 2012, mtihani ulipoanza kusahihishwa kwa mashine, hata Hisabati ilijibiwa kwa kuweka kivuli katika kiduara, wala mashine haikuweza kujua nani amekokotoa na nani amebahatisha. Mtoto wa namna hiyo hufika Kidato cha Kwanza akakuta masomo yaliyo mengi yanafundishwa kwa Kiingereza. Hukaa kimya mwaka mzima. Mwaka wake wa mwisho wa shule ya msingi ungeweza kumpa lugha. Ulimpa mbinu za kukisia.

Upo upande mwingine ambao kambi haiuoni kabisa. Wako wazazi wanaomwagiza mtoto, hasa wa kike, aandike majibu ya uongo kwa makusudi ili asifaulu, abaki nyumbani achunge mifugo, alee wadogo zake au aolewe. Walimu wanalijua jambo hili na maofisa wanalijua. Mazoezi ya alfajiri hayaponyi maradhi hayo, kwani mtoto yule anayajua majibu. Ameamriwa tu asiyaandike. Huyo anahitaji mwalimu anayefika nyumbani kwao mapema, akazungumza na baba na mama, na mtendaji wa kijiji asiyekwepa macho.

Hatari haimaliziki mtihani ukiisha. Kwa kawaida mtihani hufanyika Septemba, na Kidato cha Kwanza huanza Januari. Katika miezi hiyo mtoto hana sare, hana daftari la mahudhurio, hana mwalimu anayemwita jina. Ndipo msichana anapopelekwa mjini kuwa mtumishi wa ndani. Sheria ya Elimu ilirekebishwa 2016, na amwoaye au ampaye mimba mwanafunzi wa msingi au wa sekondari aweza kufungwa miaka thelathini. Lakini mposaji mjanja husubiri Oktoba, akasema huyu amekwisha maliza shule. Ofisi iliyomhesabu mtoto kila wiki kabla ya mtihani haina budi kuendelea kumhesabu hadi aripoti sekondari. Nguvu inayokusanya mahindi ya kambi inatosha kukusanya majina hayo.

Yote haya yatapimwa mwaka 2027. Kwa mtaala mpya ulioanza Januari 2024, elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita. Watoto walioingia Darasa la Tatu mwaka huo wanamaliza wakiwa Darasa la Sita, mwaka ule ule ambao waliowatangulia kwa mwaka mmoja wanamaliza Darasa la Saba, la mwisho la utaratibu wa zamani. Januari 2028 makundi mawili yanaingia Kidato cha Kwanza kwa pamoja. Wako watakaosema kwamba kwa hiyo kambi zizidishwe, watoto wachujwe vizuri zaidi. Hiyo ni njia ya mvivu, ya kupunguza wageni badala ya kuongeza viti.

Idadi ya watoto hao haikushuka kutoka mbinguni. Imo katika vitabu vya mahudhurio vya kila shule tangu 2024, kijiji kwa kijiji, wavulana na wasichana. Afisa elimu yeyote anaweza kuijumlisha kwa asubuhi moja, akaiweka kando ya idadi ya madarasa, madawati, matundu ya vyoo na walimu wa Hisabati waliomo katika sekondari za kata zake. Mkutano ujao wa tathmini uanze na karatasi hiyo, na yule aliyezoea kuwasimamisha walimu wakuu asimame yeye kwanza aisome.