Ndege na Jua la Lodwar
Msimlaumu rubani wa ndege ndogo akikataa mizigo yenu saa nane mchana pale Lodwar au Kakuma. Si kiburi. Hewa ya baridi hushikamana ikawa nzito. Mabawa hupata cha kuegemea, na injini huvuta pumzi ya kushiba. Alfajiri Lodwar huwa na nyuzi kama 24 za Sentigredi, mchana 35. Kwa hiyo uzito wa hewa hupungua kama sehemu 4 katika 100. Ni kidogo, mtasema. Lakini mabawa, panga na injini vyote hupungukiwa pamoja, na kiwanja hakirefuki. Basi mwenye mgonjwa wa kupelekwa Nairobi, ikiwa hali yaruhusu kungoja, na amfikishe kiwanjani kukipambazuka. Samaki wakavu na wasubiri ndege nyingine.