Kadenge alikuwa wetu pia



Mwanasoka Joe Kadenge alipofariki Julai 7, 2019, hapa Tawa tulimlilia kama mtu wa kwetu, ingawa wengi hatukuwahi kumwona uwanjani. Tulimjua kwa sauti ya mtangazaji Leonard Mambo Mbotela redioni: "Kadenge na mpira!" Marehemu baba akisikia hivyo, jembe chini. Mama alinuna, kisha naye akasogea. Jumapili baba alitufungia mpira wa matambara kwa kamba za mkonge, zile za mama za kusukia viondo (hapo ugomvi ulikuwa wa haki), na dada zangu walicheza pia.

Kadenge aliichezea timu ya taifa, Harambee Stars, uzeeni akaendesha teksi. Wachezaji kama yeye wakifa, viongozi hujaa mazishini. Mbona wanasoka wazee wasipewe pensheni wakiwa hai?

Msomaji,
Tawa, Makueni