Istilahi za Trigonometria na Uchoraji wa Kiufundi: Jina Pekee Halitoshi

Tangu Tume ya Makweta ilipopendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kitumike kufundishia katika shule za sekondari za Tanzania, hoja ya uhaba wa istilahi imerudiwa mara nyingi. Trigonometria ni uwanja unaofaa kuipima hoja hiyo. Maoni yetu ni kwamba kinachopungua si majina, bali fasili zinazomwonyesha msomaji kitu kinachotajwa.

Mwanafunzi amalizapo shule ya msingi huwa ameshakutana na pembetatu, pembe mraba, kitako, kimo na kipenyo. Yanayobaki ni maneno machache: sini, kosini, tanjenti. Wapo wasemao saini; umbo hilo lina kasoro, kwa kuwa saini tayari ni alama ya mkono wa mtu katika hati. Lakini hata tukikubaliana juu ya sini, tutakuwa tumepata jina tu. Fasili iliyozoeleka, kwamba sini ni uwiano wa upande ulio mkabala na pembe kwa upande mrefu kabisa wa pembetatu mraba, ni sahihi. Hata hivyo, aisomaye huweza kuikariri bila kuielewa.

Tuchukue mfano wa paa. Kombamoyo moja lina urefu wa meta 5. Kutoka ukutani hadi chini ya kilele cha paa ni meta 4 kwa ulalo, na kilele kimeinuka meta 3. Mchoraji akitumia skeli ya 1:50, katika mwonekano wa mbele atachora kombamoyo hilo kwa sentimeta 10, ambao ndio urefu wake halisi. Katika mwonekano wa juu, kombamoyo lilelile litakuwa na sentimeta 8. Katika mwonekano wa ubavuni, sentimeta 6. Mti haukupungua, kilichobadilika ni mahali pa kuutazamia. Kosini ya pembe ya mteremko, yaani 0.8, ni sehemu ya urefu inayobaki tunapotazama kutoka juu. Sini, yaani 0.6, ni ile inayobaki tunapotazama kutoka ubavuni. Tanjenti, 0.75, ni kipimo cha ukali wa mteremko wenyewe: kwa kila meta moja ya ulalo, paa hupanda sentimeta 75. Pembe yenyewe hukaribia nyuzi 37. Fundi apimaye 3, 4 na 5 ili kupata pembe mraba ya msingi wa nyumba anaitumia pembetatu hiyohiyo.

Huenda wapo watakaodai kwamba maneno ya kukopa hayawezi kueleweka, na kwamba sharti tuunde ya kwetu. Historia haiungi mkono dai hilo. Wanahisabati wa Bara Hindi waliita nusu ya upote wa upinde *jya*, ambayo pia iliitwa *jiva*. Waarabu walilitohoa umbo hili la pili. Baadaye likasomwa *jayb*, yaani mkunjo wa vazi kifuani, na katika karne ya 12 likafasiriwa kwa Kilatini kuwa *sinus*. Istilahi inayotumiwa ulimwenguni kote ilizaliwa na kosa la usomaji, lakini haikuzuia elimu kusonga mbele, kwa kuwa ilifuatana na mchoro. Nasi tunao upinde na upote. Maneno hayo yangefaa sana katika kueleza, hata kama sini itabaki kuwa istilahi.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba kamusi za hisabati na za ufundi zisitenganishwe, na kwamba kila kidahizo cha trigonometria kiambatane na mchoro wenye mionekano mitatu. Aidha, wanaistilahi wakae na maseremala na wachoraji wa ramani za nyumba kabla ya kuandika fasili. Orodha ya maneno bila kazi hiyo itaendelea kurefuka, na hoja ya uhaba itaendelea kusikika.