Tunalinda tomati, na kinywa chetu je?



Kila musimu, mbele ya kuingia mu pepinieri ya tomati, ninaomba jambo moja: mwenye kuvuta tumbako anawe mikono na sabuni. Watu wanacheka, lakini wananawa. Wanajua sababu. Virusi ya mozaiki ya tumbako inaishi hata ndani ya majani makavu ya sigara, na vidole vinaipeleka ku tomati na ku pilipili.

Musimu uliopita, muzee mumoja, yeye ndiye alikuwa wa kwanza kunawa kila mara, alinionyesha kidonda chini ya ulimi. Kilikuwa na miezi mine. Alifikiri ni jino. Alisukutua maji ya chumvi, tena aliweka tumbako juu yake ili maumivu yatulie. Ilikuwa kansere. Kufika mujini, ilikuwa imekwisha kushuka ku shingo. Tulimuzika mbele ya mavuno ya maharagi.

Wengine wanasema agronome abaki na majani yake. Lakini tumbako nayo ni majani, na tunailima nyuma ya nyumba zetu.

Wengi kwetu wanaamini kama ile isiyo na moshi, ya kutafuna ao ya kuweka chini ya mudomo, haina shida. Si kweli. Sumu yake inakaa palepale ku nyama ya kinywa, saa nyingi. Pombe nayo inaleta kansere hii, hata kwa mutu asiyevuta. Na kuziunganisha ndiyo mbaya kabisa, juu pombe inalegeza ngozi laini ya kinywa na sumu ya tumbako inapita mbio. Uchunguzi mumoja wa Marekani, uliotoka mwaka 1988, ulionyesha kama wenye kuvuta sana na kunywa sana walikuwa na hatari kupita mara 30 kuliko wasiogusa hata kimoja. Hapo si kujumulisha, ni kuzidisha.

Sasa niseme lenye kunikera. Kwetu salongo inalipwa kanyanga. Mutu analima tangu asubuhi, saa sita tunamupa kikombe na kipande cha tumbako, tumbo tupu. Na ni sisi wenyewe tunaiandika mu kitabu cha matumizi (nimeangalia, iko juu ya mbegu). Ninaomba mukutano mukuu ufute ule mustari, pesa ipike chakula. Tena mutu mwenye kula mboga na matunda kidogo sana hatari yake inaongezeka, na sisi lenga-lenga tunayo mpaka tunauzisha.

Wazee wanasema bila kanyanga hakuna mutu atakuja. Kundi moja la wamama tulilipikia bugali na lenga-lenga, walikuja wote. Wapapa, tutaona.

Mwenye kuvuta tangu zamani asiseme amechelewa: akiacha, hatari inapungua mwaka kwa mwaka. Na kidonda kisichopona kwa wiki mbili ao tatu, baka jeupe ao jekundu, uvimbe, kumeza kwa taabu: aende kituo cha afya, asingoje jino litoke.

Siku ya kupandikiza tomati nitaleta kioo kidogo, nitakitundika pembeni ya sabuni. Mwenye kumaliza kunawa, afungue kinywa, ainue ulimi, aangalie.